Bastola ya Babu na Mjerumani wa Witu

Swali: Assalaam alaykum, maalim. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Babu alipofariki tulifungua kasha lake, tukakuta bastola nzito ya silinda imefungwa kwa kipande cha kanga. Nyumbani wote husema ilikuwa ya Küntzel, yule Mjerumani aliyeuawa Witu mwaka 1890, na kwamba mzee wetu mmoja aliiokota siku ile. Ubavuni ina taji, neno ERFURT na mwaka 1893. Mgongoni mwa mpini pameandikwa 25.A.F.2.41, na chini ya mpini mtu amepiga L 27 kwa mkono, vibaya vibaya. Picha zake nimekutumia. Bwana mmoja wa Malindi ataka kuinunua kwa bei kubwa, ila nimpe kwanza uthibitisho wa habari ya Witu. Nitaipataje historia yake kamili? Na je, niisafishe?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na habari usiyoitaka. Bastola iliyoundwa mwaka 1893 haiwezi kuwa ilishikwa na mtu aliyeuawa Septemba 1890. Mwaka uliousoma ubavuni ni mwaka ilipotoka kiwandani Erfurt, na viwanda vya serikali ya Prussia havikuwa na mchezo katika mambo ya tarehe. Kama umeisoma sawasawa (irudie picha hiyo ukiwa na kioo cha kukuzia, kwa maana 8 na 9 hukaribiana sana palipoingia kutu), basi Küntzel ameshatoka. Tunabaki na bastola halisi, na kwangu mimi swali lililobaki ni tamu kuliko lile la kwanza: kitu cha askari wa mizinga wa Ujerumani kimefikaje kwenye kasha la Langoni?

Lakini sheria yatangulia historia. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, yamtaka mwenye silaha awe na cheti. Usitegemee uzee wa bastola kuwa ndio kinga yako, na tafadhali usiitie mkobani ukapanda nayo boti kwenda Mokowe. Mwone wakili, mwende naye kituoni mikono mitupu, mueleze kwamba mmeikuta katika mali ya marehemu, na muulize utaratibu wa Bodi ya Leseni za Silaha. Waje wenyewe kuichukua kwa ukaguzi. Ikiwa hujui kama silinda ina risasi, ichukulie kuwa inazo zote sita. Rivolva ya aina hii haikunjuki katikati ukaona ndani. Risasi huingizwa na kutolewa moja moja kupitia kijilango cha upande wa kulia, na kazi hiyo mwachie fundi wa silaha wa polisi. Wewe picha unazo, na kwa mambo mengi nitakayokueleza picha zatosha.

Kuhusu kusafisha: hapana. Msasa, brashi ya waya, Brasso, maji ya ndimu, vyote viache jikoni na gereji. Alama unazozitegemea zina kina kidogo mno, na nimeona vitu vilivyong'arishwa hadi taji likabaki kama kovu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu laini, basi. Kanga iliyofungiwa nayo usiifue na usiitupe. Jina na pindo la kanga huweza kusaidia kukisia ilipofungwa mara ya mwisho, na hicho nacho ni ushahidi.

Sasa chuma chenyewe. Uliyonayo yaitwa Reichsrevolver, yaani rivolva ya jeshi la Ujerumani, na kwa kuwa mtutu katika picha ni mfupi, ni ya mwaka wa mfano 1883. Ile ya 1879 ina mtutu wa kama sentimita 18. Hii yako ni kama 12. Ni chombo cha kikale hata kwa zama zake: risasi sita za milimita 10.6, za baruti nyeusi, na kila ukitaka kupiga lazima uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Haina chochote cha kusukuma maganda nje. Upande wa kushoto ina kijiti cha usalama, na chini ya mpini pete ya kufungia kamba ili isimponyoke askari aliye juu ya farasi. Wakati Waingereza na Wafaransa walipokuwa na bastola za kisasa kuliko hii, majenerali wa Berlin waliipenda kwa sababu haiharibiki. Kusema kweli walikuwa na haki, kwani yako imekaa katika chumvi ya Lamu na bado yasomeka.

Ziliundwa mahali pengi: viwanda vya Suhl vilivyoshirikiana, Dreyse kule Sömmerda, Mauser kule Oberndorf, na kiwanda cha serikali cha Erfurt. Yako kuwa ya Erfurt ni bahati, maana hicho kilikuwa kiwanda cha jeshi na hakikuwa duka. Chunguza picha zako utaona vijitaji vidogo vyenye herufi za Kijerumani cha kale chini yake, vimetapakaa kwenye fremu, mtutu, silinda, hata kwenye skrubu. Hizo ni chapa za wakaguzi, kila mmoja akiidhinisha sehemu yake. Hazitakupa jina la mtu, lakini zikikosekana kabisa kwenye sehemu moja na zipo kwenye nyingine, sehemu ile imebadilishwa. Angalia na nambari pia. Nambari ya bastola, au tarakimu zake za mwisho, hurudiwa kwenye sehemu kubwa na ndogo. Nambari zikipishana usikate tamaa wala usimwite mtu tapeli. Mafundi wa vikosi walitengeneza kwa kutumia kilichokuwapo. Zikilingana zote, iandike sentensi hiyo kwa wino, maana mkusanyaji yeyote atakuuliza hilo kabla ya kukuuliza jina lako.

Kuna alama moja ambayo kutoonekana kwake kuna maana. Ujerumani ilipitisha mwaka 1891 sheria ya kupima bunduki za biashara kabla hazijauzwa, ikaanza kutumika 1893, na silaha zilizopimwa zilipigwa taji lenye herufi kama B au U, kwa Kilatini safi. Ukiiona alama hiyo kwenye bastola ya jeshi, yawezekana ilipitia mikononi mwa wauzaji baada ya jeshi kuiacha. Usipoiona, uwezekano kwamba ilitoka moja kwa moja mikononi mwa askari unapanda kidogo. Nasema kidogo.

Tuje kwenye 25.A.F.2.41, ambayo ndiyo hati ya kuzaliwa ya bastola hii. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na kanuni iliyochapishwa mwaka 1877 ya jinsi ya kupiga alama za vikosi, na mpangilio wake husomeka hivi: kwanza nambari ya rejimenti, kisha herufi za aina ya jeshi, kisha kombania au betri (kundi la mizinga ndani ya rejimenti), na mwisho nambari ya silaha ndani ya kikosi hicho. A ni mizinga, F ni ya uwanjani. Kwa hiyo: rejimenti ya 25 ya mizinga ya uwanjani, betri ya pili, silaha ya 41. Rejimenti ya 25 ilikuwa ya Hesse, na kambi yake ilikuwa Darmstadt. Basi twajua kwa hakika kwamba kijana fulani wa Hesse, pengine mwendesha farasi wa kukokota mzinga au sajini, aliwahi kuifunga kiunoni. Haikuwa ya ofisa, hata kama wakusanyaji wengi huuita mfano huu mfupi «bastola ya maofisa». Maofisa walijinunulia wenyewe, na zao hazikupigwa nambari ya betri.

Hili nalo lamuondoa Küntzel mara ya pili, hata tungejifanya hatukuuona mwaka. Yeye alikuja Witu kama raia mwenye mradi wa mbao. Silaha zenye nambari ya rejimenti mwaka 1890 zilikuwa bado mali ya rejimenti. Zilianza kuachwa pale jeshi lilipochukua bastola mpya ya Parabellum mwaka 1908, nazo zikapelekwa kwa askari wa akiba au zikauzwa. Angalia kama maandishi ya mgongoni yamepigwa mstari juu yake. Kikosi kilipoitoa silaha, aghalabu alama ya zamani ilifutwa kwa mstari na mpya kupigwa kando. Kama haina mstari wala alama ya pili, rejimenti ya 25 ndiyo ya mwisho tunayoijua kwa upande wa Ujerumani. Na tazama pia kama pana herufi D.O.A. popote. Vifaa vya jeshi la Kijerumani la Tanganyika ya leo vimeonekana na herufi hizo, kwa kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Katika picha zako sikuziona, lakini upande wa ndani wa mpini hukuupiga.

L 27 yanivutia kuliko vyote, nami nakuonya kwayo. Imeshaingia kichwani mwako kwamba L ni Lamu, sivyo? Huenda. Tarehe 2 Julai 1890, siku moja tu baada ya Uingereza na Ujerumani kugawana pwani hii kwa mkataba wa Heligoland na Zanzibar, dola za Ulaya zilitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na mambo ya biashara ya watumwa, mkataba ule ulizuia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Watu wachache walioruhusiwa kuwa nazo walitakiwa kuziandikisha, na silaha zenyewe zipigwe alama. Kwa hiyo herufi moja na nambari fupi, iliyopigwa kwa nyundo na fundi asiyejali urembo, ndiyo sura hasa ya alama ya namna hiyo. Lakini ni sura pia ya alama ya ghala, ya mtu aliyeiandika kwa ajili ya mnada, au ya rafu ya kituo cha polisi. Hadi upatikane mstari katika daftari unaosema «27, bastola ya Kijerumani, fulani bin fulani», L ibaki kuwa L.

Sasa njia. Mimi naziona tatu, na uzito wake haulingani.

Ya kwanza ni vita vya 1914 hadi 1918, na ndiyo naiwekea dau. Rivolva hizi zilirudishwa kazini Ujerumani kwa uhaba wa silaha, na huku kwetu Wajerumani wa Tanganyika walipigana na chochote walichokuwa nacho. Vita vilipoanza askari wao wengi walikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871 zinazotoa moshi kama jiko la kuni. Waliokuwa raia, wakulima wa mkonge na wafanyabiashara wenye utumishi wa jeshi nyuma yao, waliingia vitani na silaha walizotoka nazo kwao. Meli ya Rubens iliwaletea silaha na risasi Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Kwa upande wetu wa mpaka, Meja Arthur Wavell alikusanya kikosi cha Waarabu wa pwani, kikapigana huku kusini, na yeye mwenyewe akauawa Mwele Januari 1916. Kuna na maelfu ya wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu na kwa hiari, wengine wakafika mbali kusini mwa Tanganyika. Mtu wa Lamu aliyerudi kutoka huko na bastola ya Mjerumani ndani ya mzigo hahitaji maelezo ya ajabu. Kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyekuwa na Wavell, au aliyeitwa upagazi, anza naye.

Ya pili ni biashara: silaha zilizoachwa baada ya 1908 zilizunguka bandari nyingi, na Lamu haijawahi kukosa nahodha mwenye kitu chini ya magunia ya tende. Ya tatu ni ya karibuni na haina heshima: kuanzia watalii walipoanza kufurika Lamu na Malindi, vitu vya kale vilihama nyumba hadi nyumba, na babu huenda alikinunua kwa mtu miaka ya sabini. Usikasirike. Hata hilo lina ushahidi wake, na mara nyingi ni mtu wa baraza moja aliyekuwapo.

Kwa nini basi nyumbani kwenu husemwa Witu? Mambo ya Witu yalikuwa makubwa. Mjerumani Clemens Denhardt alijipatia ardhi kwa Ahmed Simba, Sultani wa Witu, Aprili 1885, Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu mwezi wa Mei. Posta yao ilifunguliwa Lamu Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891, na jengo lake ni makumbusho hadi leo, unalipita kila siku. Küntzel na wenzake waliuawa wakati Wajerumani walikuwa wameshawaachia Waingereza sehemu hii, na mwezi uliofuata Admirali Fremantle wa Uingereza akaichoma Witu ya Sultani Fumo Bakari. Waingereza walirudi tena na bunduki mwaka 1893. Mtu wa Lamu akitaja Mjerumani, akili hukimbilia huko. Lakini wazee wetu wakisema «vita vya Mjerumani» aghalabu husema vile vya 1914. Yawezekana mtu alisema kweli kabisa kwamba bastola ilitoka vita vya Mjerumani, na kizazi kilichofuata kikamtafuta Mjerumani wa karibu.

Kwa hiyo ukienda kwa bibi, usitaje Küntzel wala Witu. Ukimtajia atakubali kwa kukuridhisha, nawe utarudi na ulichokwenda nacho. Muulize ilikuwa ikiwekwa wapi. Nani aliruhusiwa kuigusa? Ililetwa na chombo au kwa njia ya bara? Yeye aliiona mara ya kwanza kabla ya harusi ya nani, au baada ya kuzaliwa nani? Wazee hawashiki miaka, lakini harusi hawazikosei. Mrekodi kwa simu kwa idhini yake, na umwulize peke yake kabla hujawakusanya wengine, kwa sababu wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote.

Kisha karatasi. Anza na zilizo karibu: mirathi. Mzee wa babu yako alipofariki, mali haikugawanywa bila kuhesabiwa, na kama jambo lilifika kwa kadhi huenda orodha ipo. Bastola ni mali yenye thamani. Au imeandikwa, au imefichwa, na kufichwa nako kuna sababu. Kasha lenyewe litoe makaratasi yote, hata risiti na barua za Zanzibar. Nenda Makumbusho ya Lamu ukaonyeshe picha, kisha Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi, kwenye Barabara ya Moi. Uombe taarifa za wilaya ya Lamu na mafaili ya Mkoa wa Pwani yanayohusu leseni za silaha. Hapo ndipo L 27 itakapopona au kufa. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zimehifadhiwa Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, lakini usifunge safari huko kabla hujapata jina la mtu au kikosi cha kulitafuta. Ni Kijerumani cha mkono na kitakula wiki zako.

Ujerumani kwenyewe usitarajie mengi. Hifadhi ya jeshi la Prussia ilikuwa Potsdam, ikaungua katika mashambulizi ya ndege ya Aprili 1945, na madaftari mengi ya vikosi yakaondoka nayo. Bavaria, Saxony na Württemberg walitunza yao penginepo, ila rejimenti yako haikuwa ya kwao. Kwa sababu ni ya Hesse, waandikie nyaraka za jimbo kule Darmstadt barua fupi yenye picha ya mgongo wa mpini. Uliza swali moja tu: je, kuna kumbukumbu za silaha au za watu wa betri ya pili waliokwenda Afrika ya Mashariki? Hawatalijua jina la mshika nambari 41. Huenda wakakupa majina ya waliohamia Afrika, na jina moja tu lingebadilisha kila kitu nilichokuandikia.

Nimalizie na bwana wa Malindi. Hanunui bastola huyo, anunua Küntzel, na Küntzel hatuna. Ukimwandikia karatasi ya uthibitisho sasa, utakuwa umeuza uongo kwa jina la babu. Tena si yako peke yako: ni tarika, mali aliyoiacha marehemu, kila mrithi ana fungu lake, na hata ukikubaliwa leseni hutaweza kuihamisha bila idhini yao. Akitaka kuitoa nchini kuna jambo jingine. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, kitu kilichoingizwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki bila kibali. Yako iliundwa 1893. Dirisha la kuingia kabla ya 1895 ni dogo mno, nami siliamini, lakini ofisa wa forodha ana haki ya kukuuliza ulijuaje.

Ukisharudi kituoni na wakili, omba fundi wa polisi akupigie picha nne nisizonazo: ndani ya mpini mbao zikiondolewa, uso wa mbele wa silinda, sehemu ya chini ya mtutu karibu na fremu, na ile L 27 kwa mwanga wa ubavuni, tochi ikiwekwa chini kabisa ili kivuli kiingie kwenye michoro. Weka rula pembeni. Nitumie hizo pamoja na jina la harusi atakayoitaja bibi.